IST, Premio, Aqua au Passo: gari la kununua ukiwa unaishi Dodoma na kusafiri barabara ya Morogoro

Tangu watumishi wengi wahamie Dodoma, malalamiko yanayonifikia kuhusu magari yanafanana mno. Mtu amenunua gari dogo kwa sababu aliambiwa linanusa mafuta, analitumia bila shida wiki nzima kati ya Kisasa na Mtumba, kisha Ijumaa jioni anapakia familia na mizigo kuelekea Morogoro, na kabla hajafika Gairo anajikuta nyuma ya semitrela asiyoweza kuipita. Jumapili anarudi na lawama mbili: gari halina pumzi, na mafuta yamekwenda kuliko alivyoahidiwa. Ninamwandikia mtu huyo. Sitagusa rangi, viti, redio wala upatikanaji wa spea, kwa kuwa hayo kila dalali huyahubiri bila kuulizwa.

Jambo ambalo wanunuzi karibu wote hulisahau ni namna gari linavyotoka kilomita 60 hadi 100 kwa saa likiwa limebeba watu wanne na kiyoyozi kimewashwa. Hicho ndicho kipimo cha kulipita lori, na barabara yetu ya kwenda Morogoro, yenye njia moja kila upande, imejaa malori yanayokwenda na kurudi Rwanda, Burundi na Kongo. Dodoma ipo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho hewa ni nyepesi kwa takribani sehemu moja ya kumi, hivyo injini isiyo na turbo hupoteza karibu kiasi hicho hicho cha nguvu zake za juu. Injini ya nguvu za farasi 109 haitaumia sana kwa upungufu huo, lakini ile ya farasi 71 haina cha kupunguziwa.

Hapa ndipo hesabu ya mafuta inapogeuka. Kwa mwendo wa taratibu gari jepesi lenye injini ndogo hula kidogo kweli, wala sibishi. Ukishaikanyaga pedali mpaka chini ili upande kilima, kompyuta ya injini huongeza petroli kupita kipimo cha kawaida ili kupata nguvu na kupoza chemba, giaboksi hushuka gia, injini hupiga kelele, na ulaji hupanda. Injini kubwa kidogo huifanya kazi ile ile kwa nusu pedali. Upinzani wa hewa nao huongezeka karibu mara tatu kasi ikitoka 60 kufika 100, na huo ni kabla hujauhesabu upepo wa Dodoma, ambao wakati wa kiangazi huvuma kutoka mashariki na kukupiga usoni njia nzima ya kuelekea Kibaigwa.

Namba tamu za ulaji ambazo wauzaji huzinakili kutoka Japani hazikusaidii. Magari mengi ya miaka ya 2000 yalipimwa kwa utaratibu uitwao 10-15, ambamo kasi haizidi kilomita 70 kwa saa, injini imekwisha kupata moto na kiyoyozi kimezimwa. Ukitaka ukweli, jaza tangi mpaka bunduki ya pampu ijikate yenyewe, andika kilomita, safiri, ujaze tena katika kituo kile kile, kisha ugawanye kilomita kwa lita.

Chaguo langu la kwanza ni Toyota IST ya mwanzo, iliyotengenezwa kuanzia 2002 hadi 2007, yenye injini ya cc 1,500. Nina upendeleo kwa Toyota na sioni sababu ya kuuficha. Injini yake ya 1NZ-FE ina farasi 109 ndani ya gari lenye uzito wa tani moja na ushei, giaboksi yake ni ya kawaida ya gia nne ambayo mafundi wetu wanaielewa, na kwenye kile kipande cha kutoka Dumila kupanda Gairo haikufanyi usali. Tatizo ni kwamba IST ziko za aina mbili, na muuzaji hukuandikia "IST" tu. Ile ya cc 1,300 ina farasi 87 na kwa macho huwezi kuitofautisha na mwenzake. Fungua boneti, tafuta kibati cha chuma chenye namba ya modeli: ukiona NCP60 hiyo ni ya 1,300, ukiona NCP61 hiyo ndiyo ninayoisema. NCP65 ni ya 1,500 pia lakini huvuta magurudumu yote manne, ni nzito zaidi, na kwa mtu wa lami ni kulisha mzigo asiouhitaji.

Tufanye hesabu ndogo. Tuseme gari la cc 1,000 linakupa kilomita 16 kwa lita na hili la 1,500 linakupa 14. Kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam, kilomita 450 hivi, la kwanza litakula lita 28 na la pili lita 32. Kwa petroli ya shilingi 3,000 kwa lita, unaokoa shilingi 12,000 kwa safari nzima. Kwa fedha hiyo umekubali kukaa nyuma ya kila lori, au, vibaya zaidi, kulipita lori kwa gari lisiloweza kumaliza lilichokianza.

La pili ni Premio, au ndugu yake Allion, ya kizazi cha 2001 hadi 2007 yenye cc 1,800. Ni gari la mtu mwenye familia kubwa kidogo, lina farasi 132, na kwenye mlima wa Nyang'oro ukielekea Iringa hupanda likiwa limetulia. Ile ya cc 1,500 ina injini ile ile ya IST ikibeba mwili mkubwa zaidi, kwa hiyo faida yake ya mafuta huishia mjini. Ile ya cc 2,000 yenye injini ya D-4 iache: mfumo wake wa kupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda unahitaji mafuta safi na fundi anayeujua, na ukiupata ugonjwa utazunguka gereji hadi uchoke.

Aqua naiweka ya tatu. Mota yake ya umeme husaidia wakati wa kupita, na mjini haina mpinzani kwa ulaji mdogo, ila hybrid, yaani gari la petroli na umeme kama hili, huvuna nishati unapofunga breki, na katika barabara ndefu breki hazifungwi mara nyingi. Kabla ya kulipa, inama ukague tundu la hewa ya betri pembeni ya kiti cha nyuma, kwa sababu vumbi la huku huliziba, na betri isiyopata hewa haidumu.

Passo na Vitz za cc 1,000 ni za mjini. Wanunuzi wa Crown ya cc 2,500 na Forester ya turbo hawaulizi mafuta, kwa hiyo sina la kuwaambia.

Kinachonikera ni namna bei zinavyopangwa. Dalali hatakutajia injini; atakutajia herufi za namba ya usajili, kwamba hii ni namba E na ile ni namba D, kana kwamba kibao cha namba ndicho kinachopanda mlima. Matokeo yake NCP60 yenye namba mpya huuzwa ghali kuliko NCP61 iliyotunzwa vizuri. Ukiagiza mwenyewe Japani, gari lililopita miaka minane huongezewa ushuru wa uchakavu wa asilimia 15, na lililopita kumi asilimia 30, kwa hiyo IST hizi za zamani hazina tena unafuu tuliouzoea. Juu ya hapo, wauzaji wa hapa huongeza wanachokiita gharama ya kulileta Dodoma, ambayo ukiilinganisha na lita 32 nilizozihesabu inachekesha.

Wengi sasa wanapanda treni ya SGR kwenda kununua Dar es Salaam na kurudi wakiendesha, na nawaunga mkono, isipokuwa kwa jambo moja: kule gari linajaribiwa usawa wa bahari, mahali tambarare, akiwemo dereva na dalali tu. Mwombe muuzaji mwende Pugu mkiwa watu wanne, kiyoyozi kimewashwa. Likianza kupiga kelele na kubadili gia ovyo pale, ujue hizo ndizo nguvu zake zote, na Gairo litafika likiwa na pungufu yake.