Kupima athari za bomba la mafuta: setilaiti au miguu?

Bomba la mafuta ghafi kutoka Kabaale, Hoima, hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, na takriban 296 ziko Uganda. Linawafanyia nini wanyama? Zipo njia mbili kuu za kupima.

Picha za setilaiti huonyesha miti iliyokatwa, barabara mpya na upana wa mkuza, yaani ukanda wa ardhi linamopita bomba, tena zinaweza kulinganishwa na za miaka ya kabla ya ujenzi. Tatizo ni mawingu ya msimu wa mvua. Zaidi ya hapo, bomba likishafukiwa nyasi huota juu yake, na ukiangalia kutoka angani utadhani ardhi imepona.

Kutembea ni kazi nyingine kabisa. Katika msitu kama Bugoma, magharibi mwa Uganda, watafiti hufuata mistari iliyonyooka wakihesabu viota vya sokwe, kwa sababu sokwe mkubwa hujenga kiota kipya karibu kila jioni. Lazima wajue pia kiota huchukua muda gani kuoza, la sivyo hesabu hudanganya. Hutega kamera kwenye mapito, na huwauliza wenyeji tembo wanavuka wapi. Ni polepole na ghali. Lakini msitu unaweza kubaki wa kijani huku sokwe wameukimbia kwa sababu ya kelele, na hilo halionekani angani.

Mimi nachagua miguu. Setilaiti ituonyeshe pa kuanzia tu, na hesabu ya kwanza ifanyike kabla mtaro haujachimbwa. Baadaye hakuna cha kulinganisha nacho.