Jazz Bass la 1977 lililochokonolewa: nilivyopima thamani yake kabla ya kulipa

Nina miaka miwili na gitaa hili la besi, nimelipiga karibu kila wiki, na wapiga besi wenzangu wakiliona huuliza jambo moja: ulijuaje kwamba hukupunjwa? Swali ni la haki. Gitaa la zamani lililobadilishwa halina bei ya kuangalia mahali ukaridhika. Kila moja limeguswa na mikono yake, na kila mkono umeongeza kitu na kuondoa kitu.

Langu ni Fender Jazz Bass. Namba ya kichwani inaanzia S7, shingo imefungwa kwa skrubu tatu badala ya nne, na potensiometa mbili za sauti (vile vifaa vilivyo chini ya vitufe vya kuzungusha) zina mhuri 1377712. Tarakimu 137 ni za CTS, kiwanda kilichoitengeneza, 77 ni mwaka, 12 ni wiki. Mhuri huo unakwambia tu kwamba waya haukufungwa kabla ya wiki hiyo, kwa sababu potensiometa huweza kukaa ghalani miezi mingi. Lakini alama zote tatu zilikubaliana na mwaka 1977, na hilo ndilo nililotaka. Namba peke yake nisingeiamini: shingo hufunguliwa kwa dakika tano ikahamishiwa mwili mwingine.

Sasa mabadiliko. Daraja la kiwandani, kile kipande cha chuma kinachoshika nyuzi mwilini, lilikuwa limetolewa na kuwekwa la aina ya Badass, lile zito lililopendwa sana miaka ya 1970. Ndani kulikuwa na priampu, yaani kikuza sauti kidogo, ya betri ya volti 9, na nyuma ya mwili pamechimbwa shimo la kuiweka betri hiyo. Freti, vile vipande vya chuma vilivyopita kwenye ubao wa vidole, zilikuwa mpya. Mwili ulikuwa wa rangi ya mbao tupu.

Muuzaji alinitajia bei ya robo tatu ya ile inayoombwa kwa Jazz Bass la mwaka huo ambalo halijaguswa. Hoja yake kubwa ilikuwa Marcus Miller, mpiga besi maarufu wa Marekani. Ni kweli, Miller anapiga Jazz Bass la 1977, fundi Roger Sadowsky alimwekea priampu, na daraja lake ni Badass. Kwa hiyo, alisema, hili limeboreshwa kwa njia ile ile. Nalipenda besi la Miller kama mtu yeyote, lakini hoja hiyo haina uzito kwenye mizani ya bei. Besi la 1962 lisilo na freti la Jaco Pastorius, mpiga besi mwingine maarufu, lina thamani kubwa kwa sababu Jaco ndiye aliyelipiga. Mwenye besi la mwaka huo huo aking'oa freti zake leo, atakuwa amechoma pesa. Jina la mtu halihami pamoja na skrubu.

Nikaomba kufungua. Huu ndio ushauri ninaoushikilia kuliko mwingine wowote: usikubali bei ya besi la zamani kabla hujalegeza nyuzi na kuondoa kava la plastiki mbele. Muuzaji alisita kidogo, akanipa bisibisi.

Alikuwa ameniambia rangi ya mbao ndiyo lililotoka nayo kiwandani. Jambo hilo liliwezekana, maana Fender walikuwa wakiuza rangi hiyo miaka ile. Lakini chini ya pikapu ya shingoni (pikapu ni kifaa cha sumaku kinachonasa mtetemo wa nyuzi), kwenye ukingo wa shimo lake, palikuwa na michirizi myekundu ikiingia kwenye nyeusi. Hiyo ni alama ya rangi ile inayoanza manjano katikati na kukolea hadi nyeusi pembezoni. Mtu aliikwangua yote. Nilipopitisha kidole ukingoni mwa mwili nikahisi pia kwamba umeliwa na msasa: umekuwa wa duara kupita kawaida, hasa upande wa kuegemeza mkono.

Hapo ndipo hesabu ilipobadilika kabisa. Kanuni wanayoitumia wauzaji wengi wa magitaa ya zamani ni kwamba rangi ya kiwandani ikiondoka, thamani hushuka karibu nusu. Inauma, lakini ina sababu: mkusanyaji analipia kitu kilichobaki kama kilivyotoka, na rangi hairudishwi. Unaweza kupaka mpya nzuri kuliko ya kwanza, bado si ile.

Jambo ambalo wengi hawalifikirii ni kinachofuata baada ya hapo. Makosa hayajumlishwi moja kwa moja. Shimo la betri kwenye mwili wenye rangi yake ya asili ni msiba, kwa sababu linamfukuza mkusanyaji ambaye angelipa bei yote. Kwenye mwili uliokwisha kwanguliwa, mkusanyaji alishaondoka zamani. Anayebaki ni mpigaji, na mpigaji hajali sana shimo la nyuma lenye kifuniko safi. Kwa hiyo nilikata kidogo tu kwa ajili ya shimo. Daraja sikulikatia chochote: Badass hili limefungwa kwenye matundu yale yale ya zamani, hakuna mbao iliyochimbwa. Lakini nikauliza liko wapi la kwanza. Akafikiri, akaenda ndani, akarudi na mfuko wa nailoni wenye daraja la asili na vifuniko viwili vya chuma vya pikapu na daraja. Kama nisingeuliza, mfuko ule ungebaki kwake. Tafadhali ulizeni mfuko. Vipande vya asili vya magitaa haya huuzwa peke yake kwa bei nzuri, na besi linaloweza kurudishwa hali yake kwa bisibisi ni tofauti na lile lisiloweza.

Freti mpya nilizihesabu kuwa faida. Zile za zamani zinapolika hadi nyuzi zinapiga kelele, besi halipigiki, na kazi ya kuzibadilisha ni ghali. Hapa fundi alikuwa amefanya kazi safi: miisho haikwaruzi kiganja, na ubao wa vidole haukumeguka popote. Wako wanaoipunguzia bei besi lolote lenye freti mpya. Mimi sikubaliani nao, isipokuwa kwa besi ambalo kila kitu kingine ni cha asili.

Shingo niliipa muda mrefu kuliko sehemu yoyote. Ikiwa imepinda na fimbo ya chuma ya ndani haikazi tena, umenunua mbao. Nililegeza na kukaza nati ya kichwani robo mzunguko, ikaitika. Nikashika mwili kwa mkono mmoja na kichwa kwa mwingine, nikasukuma pembeni kuona kama shingo inacheza, maana mfungo wa skrubu tatu umelaumiwa sana kwa hilo. Haikucheza.

Kosa langu lilikuwa kwenye pikapu. Nilitazama, nikaona ni za umri sahihi, nikaendelea. Sikupima. Miezi miwili baadaye nilichoka kusikia pikapu ya nyuma ikiifunika ya mbele, nikafungua tena na kuweka maltimita, kipimo cha umeme, kwenye nyaya zenyewe kupima ukinzani: ya mbele kiloomu 7.4, ya nyuma 9.8. Ya nyuma ilikuwa imesukwa upya waya wake wa ndani, tena kwa mizunguko mingi zaidi. Ningeijua siku ile ningekata tena, maana pikapu za asili zinazofanya kazi ni katika vitu vichache ambavyo hata mpigaji huvilipia. Maltimita ndogo inaingia mfukoni. Sasa siendi kutazama gitaa bila hiyo.

Tulikubaliana chini kidogo ya nusu ya bei ya besi safi. Wiki iliyofuata nilimpelekea fundi wa magitaa ninayemwamini. Alilikagua karibu saa nzima, akanusa hata lehemu, kisha akasema, "Kwa kulipiga, umelipa sawa. Kwa kuliweka likuzalie, umelipa zaidi." Nakubaliana naye kwa yote mawili.

Kama chombo cha kazi, linanipa ninachotaka. Pikapu ya nyuma ya Jazz Bass za miaka hiyo iko karibu sentimita moja jirani zaidi na daraja kuliko za miaka ya 1960, na ndiyo inayotoa ule mlio mkali, wa kuchana, unaofaa kupiga kwa dole gumba. Sauti inadumu. Uzito ndio shida: kilo 4.9, na baada ya saa mbili jukwaani bega langu linasema. Priampu nayo ilikuwa na mvumo wa chinichini ambao kwenye spika kubwa ulisikika kati ya wimbo na wimbo. Niliweka swichi ya kuiruka, na tangu hapo betri naiwasha mara chache sana. Pikapu ya nyuma nimeishusha milimita mbili, uwiano umekuwa mzuri.

Priampu sijaiondoa, na mfuko wa nailoni upo ndani ya kesi, daraja na vifuniko vyake vikiwa vimefungwa kwa kitambaa, pamoja na karatasi niliyoandika kila nilichokikuta kila nilipofungua: mihuri, vipimo vya pikapu, ile michirizi myekundu. Siku nikiliuza, atakayenunua atapewa karatasi hiyo kabla hatujataja bei.