Bweni, geto au hosteli ya mtaani? Pa kulala ukiripoti MUST, Mbeya

Ukishapangiwa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, ndugu watakushauri utafute chumba mjini, Soweto au Mwanjelwa, "kuna kila kitu". Usiwasikilize. Kampasi kuu iko Ikuti, Iyunga, nje kidogo ya jiji ukielekea Tunduma, na mwanafunzi wa karakana na maktaba kazi zake nyingi huishia usiku. Ndiyo maana nimepanga orodha hii kwa swali moja: saa nne usiku utafika kitandani kwa miguu? Bei nimeiweka nyuma ya hapo.

Nafasi ya kwanza ni bweni la ndani ya chuo, na kwa mwaka wa kwanza sioni haja ya kubishana. Unalipa moja kwa moja kwa namba ya malipo ya serikali, hakuna dalali, na umeme hauna mjadala wa nani katumia yuniti nyingi. Shida yake inajulikana: vitanda ni vichache kuliko waombaji. Omba dirisha likifunguliwa tu, na ukipata, lipa mapema, maana nafasi isiyolipiwa huishia kwa mwingine. Faragha usahau. Kupika kwa umeme chumbani kwa kawaida ni marufuku, hivyo bajeti ya mama lishe iwepo. Kabla hujasafiri uliza kama godoro lipo. Kama halipo, la futi mbili na nusu kwa sita ndilo linalokaa kwenye kitanda cha dabo deka.

Nafasi ya pili ni geto, yaani chumba cha kupanga, Ikuti au Iyunga, mkiwa wawili. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo hela za watu zinapopotelea.

Hesabu kwanza. Tuseme chumba ni 60,000 kwa mwezi na mwenye nyumba anataka miezi sita: hiyo ni 360,000, ongeza mwezi mmoja wa dalali, unafika 420,000 kabla hujanunua hata ndoo. Tangu mwaka wa masomo 2022/2023 Bodi ya Mikopo inahesabu 10,000 kwa siku kwa chakula na malazi, kwa hiyo bumu (hela ya mkopo ya kujikimu) la siku 60 ni 600,000. Ukiwa peke yako, theluthi mbili na zaidi zimekwenda. Mkiwa wawili ni 210,000 kila mmoja, na mnapumua. Ila mwulizeni mwenye nyumba mapema kama anatoza kwa kichwa, maana wapo wanaopandisha kodi wakiona godoro la pili.

Halafu nenda ukakikague chumba mwenyewe, ikiwezekana jioni. Fungua bomba. Ukikuta madumu yamepangwa foleni uani, jibu la swali la maji umeshalipata. Inua macho: doa la kahawia kwenye silingi bodi ni njia ya maji, na mvua za Mbeya huanza Novemba zikaendelea mpaka Aprili au Mei, yaani karibu muda wote wa masomo. Kama hakuna silingi kabisa, bati tupu, kiache hata kama ni cha bei poa. Jiji hili liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari; Juni na Julai usiku unashuka chini ya nyuzi 10, na hapo ndipo mitihani ya mwisho wa mwaka inapokukuta.

Umeme nao. LUKU moja kwa vyumba vinane ni ugomvi wa kila wiki, kwa sababu mwenye hita ya maji na pasi anachanga sawa na wewe mwenye taa moja na simu. Tafuta chumba chenye submita, yaani mita yake ndogo ya umeme, na uione kwa macho, usiambiwe tu kwamba "fundi anakuja Jumatatu". Dalali akikuomba hela kwenye simu kabla hujaona mlango, mwage. Kodi mpe mwenye nyumba, na mkataba upite ofisi ya serikali ya mtaa. Julai mkifunga chuo, kodi haifungi. Jaribu kuomba nafuu ya likizo siku ya kusaini, kwa sababu ukishalipa hakuna atakayekusikiliza.

Hosteli binafsi naiweka ya tatu. Unalipa kwa kitanda, na mara nyingi jumla ya vitanda vinne inazidi kodi ya chumba kizuri jirani, huku msongamano ni uleule wa bwenini. Lakini kwa binti wa mwaka wa kwanza ambaye wazazi wake wako mbali, fensi, mlinzi na matroni vina thamani, naye nitamwambia aipandishe nafasi ya pili.

Nyumba nzima ya watu wanne au watano, tuseme Iwambi au Nzovwe, ni nzuri kwa wa mwaka wa mwisho wanaojuana tabia. Mmoja akichelewa kodi, mnachelewa wote.

Mwisho kabisa ni kubebana bwenini: wawili kwenye kitanda cha futi mbili na nusu, na mkikamatwa, mwenye kitanda ndiye anayeponzwa. Ni ya kusubiria bumu tu. Ukibebwa, mchele na mafuta vitoke kwako, na wiki bumu linapoingia uwe umeshapata geto.