Classic FM na Radio 3: ninachopenda na kinachonikera, kwenye gari na nyumbani

Hizi ni redio mbili za Uingereza za muziki wa klasiki. Naanza na jibu kabisa maana najua wengine mnataka hilo tu: ukiwa kazini au barabarani weka Classic FM, ukiwa umekaa na una saa nzima hamna anayekusumbua weka Radio 3, na kama matangazo ya biashara yanakupandisha presha basi ya kwanza achana nayo. Sasa wenye muda tuendelee, maana mi nazisikiliza zote mbili miaka sasa, niko Nottingham, naendesha gari la kupeleka vifurushi, redio ndo mwenzangu kutwa.

Niseme kwanza natokea wapi kimuziki maana inahusu. Mi ni mtu wa kwaya, Mlutheri wa Moshi, nimeimba besi tangu sauti ilipoanza kukoroma, tumefundishwa kwa nota za do re mi ubaoni, sauti moja moja, besi mnapelekwa nje chini ya mti mnarudia mstari mmoja mpaka mnauchukia. Kwa hiyo huu muziki si mgeni kwangu kihivyo. Wamisionari wa Leipzig walianza kazi Kilimanjaro 1893, na Leipzig ndo mji ambao Bach alipiga kazi tangu 1723 mpaka anakufa 1750, ndo maana zile korali, yaani nyimbo za kanisa, alizozipanga kwa sauti nne, kadhaa kati ya hizo sisi tunaziimba kanisani kwa Kiswahili. Ukisikia redio inapiga Mateso ya Mathayo ya huyohuyo Bach wiki ya Pasaka, ile korali ya kichwa chenye damu na majeraha inarudi tena na tena humo ndani, kila mara imepangwa tofauti kidogo, na mtu wa besi unajikuta unaimba kwenye foleni na dirisha liko wazi, Waingereza wanakuangalia.

Mke wangu yeye anaziita zote "redio za msiba". Simlaumu. Sisi tuliokulia Tanzania, redio ikianza kupiga muziki wa taratibu usio na maneno asubuhi unaacha chai unauliza nani kafariki.

Haya, Classic FM. Ilianza 7 Septemba 1992, redio ya biashara, nchi nzima Uingereza unaipata 100 mpaka 102 FM, na wimbo wa kwanza waliopiga ni Zadok the Priest wa Handel, ule aliotunga 1727 kwa ajili ya kutawazwa mfalme George wa Pili. Wapenzi wa mpira huu mnaujua hata kama mnakataa, wimbo wa Champions League ulitengenezwa mwaka huohuo wa 1992 kwa kuuchukulia humo. Nikimwekea mtu asiyejua klasiki naanza na huo, violini zinapanda polepole zinapanda, unasubiri unasubiri, halafu kwaya inakuja yote kwa mpigo, hapo anageuka anasema ah kumbe ni huu.

Ninachoipendea hii redio ni kwamba haikutishi. Mtangazaji anaongea kama mtu, anakwambia kitu kimoja au viwili kuhusu mtunzi, wimbo unaanza. Hamna mtihani. Na sauti yao wanaibana, yaani zile sehemu za chinichini wanazipandisha na zile za kelele wanazishusha ili zote zikae karibukaribu. Wataalamu wa vyombo vya muziki wanachukia sana hiyo kitu, wanasema inaua muziki, na nyumbani nakubaliana nao. Ila jamani hebu kaa kwenye gari la dizeli barabara ya M1 mvua inapiga kioo halafu usikilize Boléro ya Ravel. Ile inaanza na ngoma ndogo, chini kabisa, tapu tatatapu, halafu filimbi, na kwa karibu robo saa ni melodi zilezile mbili zinazunguka vyombo vinabadilishana na sauti inapanda kidogo kidogo mpaka mwisho orkestra nzima inakuangukia. Ravel aliitunga 1928 na ujanja wake wote uko kwenye huo upandaji. Sasa kwenye redio isiyobana sauti dakika za mwanzo husikii kitu ni injini tu, unaongeza sauti, unaongeza tena, unadhani redio imekufa, unafika mzunguko fulani unahangaika na magari mara matarumbeta yanakupasua masikio. Kwenye redio inayobana unasikia kila kitu toka mwanzo, upandaji umepungua utamu ndiyo, lakini angalau ngoma umeisikia. Ukiwa na usukani mkononi hilo si jambo dogo.

Kingine ni ile orodha yao ya Pasaka. Wasikilizaji wanapiga kura halafu nyimbo 300 zinapigwa kushuka mpaka namba moja, wanafanya tangu 1996. Miaka mitano ya mwanzo mfululizo namba moja alishika Bruch na ile koncheto yake ya violini, yaani kazi ya chombo kimoja kinachoongoza mbele ya orkestra, baadaye The Lark Ascending ya Vaughan Williams ikawa inarudi kileleni mara kwa mara, wakipokezana na Rachmaninov. Kazini tunabishana kwa hiyo orodha utadhani ligi. Kuna watu wanaidharau wanasema ni nyimbo zilezile kila mwaka, na kweli ni zilezile, lakini ndo watu wanachopenda, utawafanyaje.

Nisichopenda sasa. Matangazo kwanza. Najua ndo yanayowalisha, hawapewi hela ya leseni ya TV kama BBC, sawa. Ila Lark inaisha na violini moja peke yake, inapanda juu inapotea hata hujui imeisha saa ngapi, na kiumbe wa Mungu ukishasikia hivyo unahitaji angalau sekunde tano za kimya. Kwenye redio yoyote ya biashara hizo sekunde tano hupewi, kinachofuata ni mtu anakuuzia bima ya gari kwa sauti ya furaha.

La pili ndo kubwa kuliko yote kwangu, na hapa wana kwaya wenzangu mtanielewa. Mchana wanapiga vipande. Chukua koncheto ya pili ya Rachmaninov ya kinanda, yaani piano, ina sehemu tatu, zaidi ya nusu saa kwa jumla. Wanachopenda kupiga mchana ni ile ya katikati, ile ya taratibu tamu. Tamu kweli. Lakini huyu bwana simfoni yake ya kwanza, kazi ndefu ya orkestra, ilianguka vibaya 1897, akavunjika moyo hawezi kuandika, akatibiwa na daktari anaitwa Dahl, na kazi aliyorudi nayo ndo hii, ikapigwa nzima 1901 na akamtunukia huyo daktari. Inaanza na kinanda peke yake kinagonga kama kengele, giza kabisa, na mwisho wake ni ushindi. Ukinipigia ya katikati tu ni sawa na kualikwa harusini ukafika wakati wa keki, ukalishwa, ukasindikizwa nje. Hujamuona bibi harusi. Niwape haki yao, jioni wana kipindi cha tamasha wanapiga kazi nzima, shida yangu ni kwamba mi nafanya kazi mchana.

Mzee mmoja Mkenya tuko naye depo hataki kabisa kusikia haya malalamiko yangu. "Wewe kijana, huo wimbo mzima utausikiza saa ngapi na una mizigo ya kupeleka? Wacha kipande kicheze." Nami namwambia mzee wangu, wimbo wa kanisani unaimba beti ya pili tu unarudi nyumbani? Anacheka tu.

Radio 3 sasa. Hii ni ya BBC, ilianza kwa jina hili 1967 ikirithi Third Programme iliyokuwepo tangu 1946, iko 90 mpaka 93 FM, matangazo ya biashara hamna hata moja. Halafu watu wetu wengi wanaogopa wanadhani ukisikiliza BBC lazima ulipe leseni. Leseni ni ya TV, ya redio ilifutwa 1971, sikiliza bila wasiwasi.

Utamu wa hii ni kwamba kitu kinapigwa mpaka mwisho na unaambiwa kapiga nani, kaongoza nani, wapi. Simfoni ya saa nzima? Saa nzima unaipata. Na kuna ibada ya jioni ya Jumatano, inarushwa kutoka makanisa makubwa, kwaya za Kiingereza zinaimba zaburi, kipindi hiki kimekuwepo BBC tangu 1926 na kwangu mimi hicho peke yake kinatosha kuipenda redio. Hebu sikilizeni namna wale watoto na mabesi wanavyotamka maneno kwa pamoja kwenye zaburi, herufi ya mwisho ya kila neno inadondoka mara moja watu wote, yaani hamna anayebaki nyuma. Walimu wetu wa kwaya wanagonga meza miaka yote wakitafuta hicho kitu.

Wa zamu za usiku mkumbuke Through the Night, inaanza usiku wa manane mpaka asubuhi, rekodi za matamasha kutoka redio za nchi mbalimbali za Ulaya, maneno machache muziki mwingi. Shemeji yangu analea wazee, anafanya usiku, ananiambia saa tisa ile ndo inamshika asilale, na baadhi ya wazee wake wakiamka wanatulia wakiisikia kwa mbali.

Ila nayo ina yake. Mazungumzo. Mungu wangu mazungumzo. Kuna wakati wamekaa wanamchambua mtunzi mpaka unasahau ulifungua redio kusikiliza muziki, na wanaongea kama vile na wewe ulisoma nao chuo. Halafu kuna muziki mpya wa kisasa, sipingi kila kitu, kuna kazi nimezipenda, lakini nyingine ni milio tu, mlango unakwaruza mtu anagonga kitu, dakika ishirini, na watu wanapiga makofi. Hapo narudi Classic FM mbiombio bila aibu.

Kitu kimoja zote mbili nawapa hongera ni kwamba siku hizi unasikia na watu wetu weusi, si mwezi wa Oktoba tu, ule wa historia ya watu weusi huku Uingereza. Mtunzi Samuel Coleridge-Taylor, kazaliwa London 1875, baba yake daktari wa Sierra Leone, kazi yake ya Hiawatha ya 1898 ilikuwa inajaza kumbi enzi hizo, halafu akasahaulika, sasa anapigwa tena. Na Sheku Kanneh-Mason wa hapahapa Nottingham, yule kijana wa selo, ile violini kubwa inayopigwa umekaa, aliyeshinda mashindano ya vijana ya BBC Young Musician 2016, mweusi wa kwanza kushinda, akapiga kwenye harusi ya Harry na Meghan 2018. Akitajwa redioni gari zima mi ndo napiga makofi. Watoto wangu wamechoka kuambiwa huyu ni wa mtaa wetu, maana mtaa wenyewe si wetu, ni mji tu.

Kuhusu kupokea: FM kwenye gari zote mbili ziko vizuri, redio inajihamisha yenyewe ukitoka eneo moja kwenda jingine. Redio za dijitali mi nilinunua moja ya mezani ya bei rahisi, jikoni ikawa inakatakata ukiwasha maikrowevu, nikaiweka chumbani karibu na dirisha ikatulia. Kwa simu kuna programu za bure za kila upande ila zinakula bando, ukiwa barabarani bora FM.

Na kama umeanza kunogewa, subiri majira ya joto, kuanzia Julai mpaka Septemba kuna Proms, msimu wa matamasha ya klasiki ya BBC, pale Royal Albert Hall London, kila tamasha linarushwa moja kwa moja Radio 3. Tiketi za kusimama zinauzwa siku yenyewe kwa bei ya chakula cha mchana, unasimama katikati ya ukumbi mbele kabisa ya orkestra huku waliokaa vitini wamelipa mara kadhaa ya pesa yako. Vaa raba, maana simfoni zingine ni saa nzima na hamna pa kuegemea.