Kozi ya sheria za vita kwa madereva: nyota tatu, na nitaeleza

Nina miaka tisa kwenye usukani, Mombasa hadi Bunia, mashariki mwa Kongo. Tajiri wangu alipotulipia kozi ya siku mbili ya sheria za vita hapa Nairobi, shilingi 6,500 kwa kila dereva, nilikwenda kwa ajili ya posho. Sisemi uongo. Jina la walioiandaa naliacha.

Asubuhi ya kwanza ilikuwa hasara tupu. Wakili kijana, suti imemkaa vizuri, alitusomea slaidi za Kiingereza kuhusu Mikataba minne ya Geneva ya 1949 na Itifaki zake za 1977 mpaka tanboi wangu akakoroma. Chai ya saa nne ilifika saa tano na nusu, andazi moja moja. Hata foleni ya mizani ya Mariakani ina afadhali, pale angalau mayai ya kuchemsha yanapita dirishani.

Mchana akaingia kanali mstaafu. Mzee alizima projekta, akamwaga vizibo vya soda mezani. Vyekundu wapiganaji, vya njano raia, kiberiti ndiyo lori. Hapo ndipo pesa ya tajiri ilipoanza kurudi.

Nikamuuliza jambo ambalo limenikaa rohoni miaka. Nimebeba unga wa kambi ya waliokimbia vita. Njiani wanajeshi wananisimamisha, wanapakia masanduku ya risasi juu ya magunia. Mimi sasa ni nani?

Mzee hakukimbilia kujibu. Alichukua kizibo cha njano, akakitia ndani ya kiberiti. Lori la unga, akasema, ni mali ya raia, halishambuliwi. Likibeba risasi za kupeleka vitani linageuka shabaha halali kwa sababu ya kazi linayofanya, hata kama ubavuni limeandikwa chakula cha msaada. Dereva hageuki askari kwa kushika usukani tu, na anayetaka kulipiga lori lazima amtie dereva huyo kwenye hesabu ya madhara. Ila nikizifikisha risasi hadi kwa watu wanaofyatua wakati huo huo, naweza kuhesabiwa kuwa nashiriki mapigano, na kinga yangu inaondoka kwa muda huo.

"Na kama nimeshikiwa bunduki, mzee?" akauliza dereva mmoja wa Busia.

Mzee alikiri kwamba aliye mlimani na darubini haioni bunduki iliyo kisogoni mwako. Ukumbi ukanyamaza. Tangu siku hiyo sisaini karatasi za mzigo kabla sijafungua turubai, na wenye mizigo wananiona msumbufu.

Jingine lililonigusa ni uporaji. Sisi tukinyang'anywa mzigo tunasema ni mkosi wa njia. Kumbe wapiganaji wakipora vitani ni kosa la kivita lenye kifungo. Kanali alitutajia Bosco Ntaganda, kamanda wa zamani wa waasi wa Kongo, aliyetiwa hatiani na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule The Hague mwaka 2019 kwa makosa 18, akapewa miaka 30. Uporaji umo, na Mongbwalu, mji wa Ituri, mkoa huo huo wa Bunia, imo. Mongbwalu! Nimepeleka saruji pale sijui mara ngapi, na hakuna aliyewahi kunieleza.

Siku ya pili nesi alitufundisha kuzuia damu. Mzuri, mkali, hataki mzaha. Chakula kilikuwa chapati na ndengu, sawa. Kijitabu tulichopewa ni cha Kiingereza kitupu, na hilo sikulielewa kabisa: askari wa vizuizi vya Ituri ninaobishana nao wanasema Kiswahili na Kilingala. Cheti changu kimekosewa jina, nimeambiwa nisubiri.

Karibu na kufunga, kanali akauliza nani ana msalaba mwekundu kwenye gari. Nusu ya ukumbi tuliinua mikono. Akatukemea kama watoto: nembo ile ni ya wahudumu wa tiba jeshini na ya Msalaba Mwekundu wenyewe, si pambo, na hata sheria ya Kenya inakataza kuitumia ovyo. Siku itakapozoeleka kwenye kila lori, nani ataiheshimu kwenye ambulensi?

Nyota tatu kati ya tano, mbili za kanali, moja ya nesi. Sanduku langu la huduma ya kwanza nililipaka kijani Jumamosi iliyofuata, msalaba nikauchora mweupe. Tanboi anasema umepinda.