Simulizi tatu za simu na kitabu kimoja: hela yangu imeenda wapi

Kwanza niseme hili sio tangazo, hakuna mtunzi aliyenipa hata mia, mimi ndio niliyetoa. Ni wakala wa kuweka na kutoa pesa, nina kibanda Mbagala Rangi Tatu, na uwakala ukiacha tarehe za mishahara na wiki ya sikukuu kazi yake kubwa ni kukaa. Unakaa, jua linakuhama kutoka mguu wa kulia kwenda wa kushoto, anakuja mtu kutoa elfu tano, unakaa tena. Wenzangu vibanda vya jirani wanabeti. Mi nasoma simulizi za mapenzi, na chombezo, zile za chumbani, nasoma pia, msijifanye hamjui.

Ugonjwa wenyewe haujaanza leo. Nilivyokuwa shule, gazeti la Ijumaa au Risasi likiingia mtaani kwetu linapita mikononi mwa watu kumi, na hakuna anayetaka habari za mastaa, wote tunataka ukurasa wa hadithi, zile za Eric Shigongo kabla hajawa mbunge wa Buchosa, unafika pale mkono unagusa kitasa cha mlango halafu ITAENDELEA. Wiki nzima una arosto. Na toleo linalofuata unalikuta limefungiwa maandazi, na ukurasa uliolowa mafuta ni ule ule unaoutaka.

Sasa hivi mambo yamehamia WhatsApp. Nipo kwenye grupu moja la simulizi, sitalitaja, ambalo admini analifunga wiki nzima, watunzi tu ndio wanaposti. Jumapili saa mbili usiku kunakuwa na zamu ya kujitambulisha. Mtunzi anaweka picha yake au kava, jina la utunzi, mkoa anaoishi, ameandika ngapi, hii mpya inaitwaje, anashusha sehemu tatu za bure, halafu bei ya full na namba ya kulipia. Na lile neno la kila mmoja wao, "tuma na ya kutolea". Mwezi mzima uliopita nilikaa na grupu hilo kila Jumapili nikajiwekea sharti moja, yule atakayenishawishi nanunua palepale, nisome mpaka mwisho, halafu niseme ukweli. Nimenunua nne, tatu za simu na moja ya karatasi.

Wa kwanza alijitambulisha kwa kishindo. Kava lina Mzungu kavua shati na dada wa Kikorea analia, picha mbili tofauti zimegandishwa mpaka unaona mstari. Chini majina ya sifa aliyojipa mwenyewe, malkia wa hiki, mwalimu wa kile, hadithi thelathini na ngapi sijui, na onyo kali kwamba atakayekopi atakiona. Zile sehemu tatu za bure nilizimaliza nimesimama. Binti anauza ubuyu kwenye foleni, bosi kijana mwenye magorofa Masaki anashusha kioo cha gari, mnaijua hii, mshaisoma mara mia, na mimi nimeisoma mara mia, lakini yule dada anajua kukata. Kila sehemu inaisha simu inaita, mlango unagongwa, mtu anazimia. Nikatuma elfu tatu na ya kutolea.

Ikaja PDF. Sehemu ya 18 mama mkwe anatoa bahasha kwenye pochi, binti anafungua, anasoma, anaanguka, MWISHO WA MSIMU WA KWANZA, MSIMU WA PILI LIPIA 3000. Nilihisi nimemwagiwa maji. Nikamwandikia inbox, tiki zikawa za bluu, kimya. Nikamfuata admini akanijibu dada rudi ukasome tangazo vizuri. Nikarudi. Kweli, katikati ya vimaua na vimoyo na mioto kumeandikwa "FULL MSIMU 1". Mimi huyu ambaye kila siku nawaambia wateja soma meseji yako mpaka mwisho kabla hujabonyeza. Haya, hela imeenda. Ila msimu wa pili sinunui, na bahasha ibaki na siri yake. (Mdogo wangu anasema ni majibu ya DNA. Lazima iwe DNA, siku hizi kila bahasha ni DNA.)

Wa pili alijitambulisha kama dada wa Mwanza, picha ya waridi, maneno mazuri kabisa, "nawaandikia wanawake wenzangu waliowahi kupendwa nusu". Hiyo nusu ilinipata. Elfu mbili. Sasa wanaotuma pesa mnajua kabla hujaweka namba ya siri linakuja jina la mwenye laini, na jina likaja la mwanaume, jina la mwanaume kabisa, la babu. Nikasema labda laini ya mume wake. Nikalipa.

Kisha nikaanza kusoma na wala sikuhitaji tena kuuliza laini ya nani. Sehemu ya 4 mhusika anaingia saluni kusuka rasta ndogondogo za mgongoni, na nusu saa baadaye yuko hotelini na mpenzi wake. Nusu saa! Dada zangu, nusu saa hata kuchambua rasta hujamaliza. Sehemu ya 9 anaosha vyombo na kucha za kubandika za rangi tatu, sehemu ya 11 anaamka asubuhi lipstiki iko palepale. Kaka, mi sina shida na wewe kuwa mwanaume, andika tu, ila muulize hata dada yako. Na kinachoniuma ni kwamba mhusika wake wa kiume kamuandika vizuri mno, kondakta wa daladala mwenye aibu, anayemrudishia yule binti chenji pungufu makusudi ili kesho awe na sababu ya kumtafuta amrudishie mia mbili yake. Niliipenda hiyo mia mbili kuliko hadithi yote. Angejitambulisha kama kaka wa Mwanza aliyewahi kuwa kondakta angeuza zaidi, kwangu mimi angeuza.

Kitu kingine cha huyu kaka, PDF yake kila ukurasa kwa chini una namba yangu ya simu kwa maandishi ya kijivu. Anafanya hivyo kwa kila mnunuzi ili ukiisambaza ajue nani kavujisha. Mwanzo nilijisikia kama mwizi, baadaye nikamuelewa, kwasababu kuna magrupu mengine yanauza hadithi hamsini kwa buku, zote za watu, mtunzi hajui hata moja, na hata akienda COSOTA, wale wa hakimiliki, na hadithi ambayo imeshaingia kwenye simu za mkoa mzima sijui ataanzia kwa nani. Mama mdogo aliponiomba nimrushie nikaogopa namba yangu isije ikazunguka Temeke nzima, nikamuachia simu yenyewe siku nzima kibandani nabaki na kitochi. Wateja wakanishangaa.

Kitabu cha karatasi sitakaa nacho sana. Mtunzi ni binti wa Mbeya, kajitambulisha kistaarabu, picha yake mwenyewe ameshika kitabu, ISBN, ile namba ya vitabu, ipo, kava safi halina Mzungu. Elfu kumi na mbili, na elfu tatu ya kifurushi kwa basi. Basi likashusha stendi ya Magufuli kule Mbezi, na kutoka Mbagala kwenda Mbezi ni safari ya kubeba chakula, nimepanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi kufuata riwaya. Ameniandikia ndani kwa kalamu, "kwa dada wa Mbagala, soma taratibu". Nimesoma taratibu kweli, kwasababu haiendi. Kiswahili chake kimepigwa pasi mpaka kimekakamaa, wapenzi wanaongea kama wanasoma taarifa ya habari. Wako kwenye bajaji, mvua inanyesha, turubai linapiga piga, kijana anamwambia binti "ni dhahiri kwamba hisia zangu juu yako zimeongezeka maradufu". Dereva wa bajaji angewashusha. Na kurasa za katikati zimeanza kuachia gundi, hilo ni la mpiga chapa wake sio lake, lakini elfu kumi na mbili ni hela. Namtia moyo hata hivyo, kitabu kipo mezani nakiona, PDF hazionekani, na akipunguza pasi kidogo nitanunua cha pili.

Wa mwisho nilimuona Jumapili ya tatu, saa nne kasoro, watu wengi walishalala. Hakuweka picha. Hakuweka kava. Alijitambulisha kwa mistari mitatu, nainakili kama ilivyokuwa kichwani mwangu: ni mama wa Kilwa Kivinje anaanika na kuuza dagaa, ameandika hadithi moja tu na imeisha, anaandika mwezi ukiwa mkubwa kwasababu kwenye mbalamwezi dagaa hawavuliwi. Bei 1500, na ya kutolea msitume nitajua mwenyewe. Hakuna aliyemjibu. Mi kama wakala hiyo "ya kutolea msitume" ilinishtua kuliko kava zote, nikamtumia na ya kutolea kwa nguvu.

Hakuwa na PDF. Alinitumia hadithi yote kwa meseji, meseji 41, moja moja, nyingine zikapishana njiani, ya 23 ikafika baada ya 30 nikawa namuona marehemu anaongea. Nukta haziko, herufi kubwa haziko, aya hazipo. Nililalamika kwa meseji kama sita hivi, halafu nikasahau kulalamika.

Ni mjane ametoka eda, na mtaani kuna fundi baiskeli anafuturu peke yake kwenye kibanda chake kila magharibi, tende na maji. Mjane anampelekea bakuli la uji na mihogo ya nazi. Sasa bakuli la watu halirudi tupu, mnajua, na yule fundi hana kitu ndani, kwahiyo linarudi na ndimu tatu. Kesho yake tena, ndimu tatu. Siku ya nne mjane anazipanga dirishani, hazitumii, anaziangalia tu zinavyogeuka njano, na mama wa Kivinje hasemi kwamba anampenda, wala neno kupenda halipo popote kwenye meseji 41, nimelitafuta. Halafu kuna baiskeli ya marehemu mumewe imekaa uani inaota kutu, anaipeleka kwa fundi sio kwamba anaihitaji. Siku anapika, tui liko jikoni analikoroga, anasikia kengele ya ile baiskeli inalia kichochoroni. Kengele ileile aliyokuwa anaisikia miaka kumi na moja mume akirudi. Fundi anaijaribu tu. Mjane anaacha mwiko, anakwenda kusimama mlangoni, hatoki nje, hasemi kitu, na nyuma yake tui linakatika.

Basi. Tui linakatika, meseji imeisha. Nilikuwa na mteja mbele yangu anataka kutoa elfu ishirini nikamwambia kaka nisubiri kidogo, akaniuliza umefiwa? Aliyewahi kuacha tui jikoni bila kulikoroga anajua alivyosimama pale ni muda gani, na yule mama hakuandika ni dakika ngapi.

Kasoro ipo na naisema, mwisho wake umekimbia. Watu wamezungushana ndimu mwezi mzima wa Ramadhani, halafu ndoa inafungwa kwa mistari miwili, mjomba kaja, kakubali, watu wamekula pilau, mwisho. Hata baiskeli hatujui imebaki na nani. Ukinunua jiandae na hilo, na jiandae kupanga meseji mwenyewe, mi nilichukua daftari la miamala nikaziandikia namba pembeni.

Nilimuandikia nikamuamkia, shikamoo mama, hadithi nimeipenda lakini mbona ndoa umeifunga haraka hivyo. Akajibu kesho yake mchana, marahaba mwanangu, giza la mwezi lilishaingia, boti zilianza kushusha nikaona nimalize niende ufukweni. Nikamuuliza basi ya pili lini. Akasema ipo, ya dada yake yule fundi, ila mwezi ndio kwanza umeandama, nisubiri ukue. Nimehesabu, kama siku kumi hivi. Hela yake nimeshaiweka pembeni kwenye laini, na ya kutolea.