Mota mbili, magurudumu manne: uchambuzi wa gari la sloti la mtindo wa miaka ya 1960

Karibuni tena, watazamaji wetu. Leo mezani tuna gari la sloti la kipimo cha 1/24, yaani dogo mara 24 kuliko gari halisi, umbo la miaka ya 1960, chasisi ya mirija ya shaba ya njano, mota mbili, na magurudumu yote manne yanavuta. Kwa mgeni wa mchezo huu: gari la sloti linapita kwenye njia yenye mfereji. Chini ya pua kuna ulimi wa plastiki unaoingia kwenye mfereji, na pembeni mwa ulimi kuna misuko miwili ya shaba inayochukua umeme kwenye mikanda ya njia. Usukani hamna. Mkononi una kontrola tu, unaminya na kuachia.

Nianze na jibu la swali mnalouliza sana: je, mota mbili zinaongeza mwendo? Mota mbili haziongezi mwendo kwenye mnyoofu. Mota ya mizunguko 18,000 kwa dakika ukiiongezea mwenzake wa 18,000, gari linabaki la 18,000. Faida iko kwenye kutoka kona na kwenye breki, na faida hiyo inakuja pale tu mbele na nyuma zinapokubaliana. Zisipokubaliana unapata gari zito, mota zinapata moto, na lenye mota moja linakupita.

Umbo la bodi tulilochagua ni la Ferguson P99, gari la Formula One lenye injini mbele na magurudumu manne ya kuvuta. Stirling Moss alishinda nalo Gold Cup pale Oulton Park, Uingereza, mwaka 1961, na hakuna gari lingine la magurudumu manne ya kuvuta lililowahi kushinda mbio za Formula One. Wapo watakaopenda yale ya 1969, Lotus 63 au Matra MS84, na kwa macho ni mazuri kweli. Ila pua zake ziko chini sana, mota ya mbele inachomoza. P99 ina boneti ndefu, mota inalala ndani bila kukata bodi.

Na msijaribu kwanza kwenye 1/32. Twende na hesabu. Mota ya saizi ya 130 ina urefu wa milimita 25 bila shafti. Uso wa mota hadi katikati ya ekseli, pinyoni (gia ndogo ya kwenye shafti ya mota) ikiwemo, ni kama milimita 10. Mbili za hivyo ni 70, ongeza visigino vya nyuma vya mota na nafasi ya waya, unafika 84 hivi. Magari mengi ya 1/32 yana milimita 70 hadi 80 kati ya ekseli na ekseli. Haziingii. Kwenye 1/24 unaweka 95 hadi 100 na unafanya kazi ukiwa umetulia.

Sasa mota, na hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea. Mota tulizopima ni za aina tatu. Ya kwanza ni ile ya kwenye midoli, FA-130, ambayo mafundi redio wengi hapa Dodoma wanayo kwenye makopo ya vipuri. Bei yake inavutia, lakini imetengenezwa kwa volti 1.5 hadi 3. Ukiipa volti 12 za njia brashi zinaungua, na hata ukifunga mbili kwa mfululizo, umeme upite moja kisha nyingine, kila moja inapata 6, bado ni mara mbili ya uwezo wake. Iacheni. Ya pili ni FC-130 ya volti 12 inayotengenezwa kwa ajili ya magari ya sloti, mizunguko kama 18,000. Hii ndiyo yetu. Ya tatu ni ile ya 25,000, umbo lilelile. Kwenye gari la mota moja ni tamu, lakini mbili pamoja zinavuta umeme mwingi, na tairi nyembamba za mtindo wa zamani hazina mshiko wa kuutumia.

Agizeni mota tatu au nne, msiagize mbili. Sababu ni kwamba mota za boksi moja hazifanani, na gari hili linataka mapacha. Kupima hakuhitaji mashine. Chukua kipande cha ngozi ya waya, ile plastiki ya nje, sentimita moja na nusu, kinachobana shafti ya milimita 2. Unganisha shafti ya mota moja na shafti ya nyingine, uso kwa uso. Mota moja iwe ndiyo inayosukuma muda wote, ipe volti 6. Ile inayosukumwa iunganishe kwenye testa, soma volti inazozalisha. Badilisha unazozipima moja baada ya nyingine bila kugusa ile inayosukuma. Inayosoma volti nyingi zaidi ndiyo yenye mwendo mdogo, inayosoma chache ndiyo yenye mwendo mkubwa. Mbili zilizosoma karibu sawa, tofauti isizidi asilimia 2 au 3, hizo ndizo jozi yako. Ile iliyokuwa inasukuma nayo ipate zamu yake ya kupimwa, isukumwe na mojawapo ya hizo ulizokwisha kuzisoma, na hiyo hiyo isukume tena nyingine ndipo namba zilinganishwe. Kabla ya kipimo hiki ziache zizunguke mikono mitupu, bila mzigo, kwa volti 3, nusu saa, brashi zikae vizuri kwenye komyuteta, ile pete ya shaba zinayoigusa. Ukipima kabla, namba zitakudanganya.

Chasisi. Ekseli ni za inchi 3/32, yaani milimita 2.38, na bushi ni mirija ya shaba ya njano ya nje inchi 1/8, ambayo ekseli hiyo inapita ndani yake bila kucheza. Mirija hii mjini ni shida, wengi tunaagiza kwa posta. Uti wa mgongo wa chasisi hauna haja ya kuagizwa: spoki za baiskeli, milimita 2, zinapatikana kwa wauza spea za baiskeli Majengo na kwingineko. Piga msasa kwanza mpaka chuma kionekane, la sivyo risasi ya kulehemu haishiki.

Pasi ya kulehemu iwe ya wati 60 au zaidi. Ile ya wati 25 ya kuchomea redio inayeyusha risasi lakini haiipashi shaba, na unapata kiungo chenye sura ya kijivu, cha chengachenga, kinachoachia siku gari litakapogonga ukuta. Kiungo kizuri kinang'aa na risasi imetambaa pande zote mbili. Kabla ya kulehemu bushi, pitisha ekseli moja ndefu iliyonyooka kwenye bushi zote mbili za mbele, au za nyuma, lehemu ikiwa humo humo, halafu izungushe kwa vidole. Ikikwama, pasha tena kiungo kimoja uiache ijipange yenyewe. Ukimaliza osha kwa maji ya moto, sabuni na mswaki wa zamani, maana flaksi ya asidi, dawa ya kusaidia risasi ishike, ikibaki inaila shaba na kutia kutu spoki.

Mota usiilehemu kwa bodi yake ya chuma kama ina matundu ya skrubu za M2. Joto linadhoofisha sumaku na kulainisha plastiki ya nyuma. Tengeneza bano la bati la shaba la milimita 0.8, toboa, funga kwa skrubu.

Mpangilio: mota zinapeana migongo. Ya nyuma shafti inaangalia nyuma, ya mbele inaangalia mbele. Pinyoni meno 9, krauni, gia kubwa ya kwenye ekseli, meno 27, uwiano wa 3 kwa 1 mbele na nyuma, bila kutofautisha. Halafu krauni zote mbili ziwe upande mmoja wa gari. Tuseme kushoto. Zikiwa hivyo, waya unaoingia kwenye alama ya chanya ya mota ya nyuma ndio huohuo unaoingia chanya ya mota ya mbele, na ekseli zote zinasukuma mbele. Ukiweka krauni moja kushoto na nyingine kulia, itabidi ugeuze waya za mota moja, vinginevyo ekseli zinavutana kama kamba. Kabla ya kufunga bodi, inua gari, gusa misuko ya ulimi kwa betri ya volti 9, tazama magurudumu. Yote yakienda nyuma, geuza waya pale kwenye ulimi, kazi imeisha.

Nafasi kati ya pinyoni na krauni: weka kipande cha karatasi ya kawaida ya ofisini kati ya meno, sukuma krauni ibane, kaza skrubu yake, chomoa karatasi. Kisha zuia ekseli isitembee kulia na kushoto kwa spesa, vipete vyembamba vya kujazia nafasi, ibaki na mchezo wa robo milimita. Mbele msipuuze hili. Kwenye kona ekseli ya mbele inasukumwa pembeni, na isipozuiwa krauni inapanda juu ya pinyoni na kuliwa meno.

Sasa njooni karibu na kamera, nataka muone tairi. Hii ya mbele vernia, kipimio changu cha milimita, inasoma 20.0. Hii ya nyuma, moja kwa moja kutoka kwenye pakiti, 20.5. Kwa jicho zinafanana. Lakini nusu milimita kwenye 20 ni asilimia 2.5, na kwa mota ya 18,000 na uwiano wa 3 kwa 1, gurudumu la milimita 20 linakwenda karibu mita 6.3 kwa sekunde. Asilimia 2.5 ya hapo ni sentimita 15 na ushee kila sekunde ambazo tairi za ekseli moja zinaburuzwa. Hapo ndipo mota zinapopata moto, na ndipo wengi wanapoilaumu mota isiyo na kosa.

Dawa yake ni kuchonga tairi. Gundisha msasa namba 120 kwenye ubao ulionyooka, zungusha tairi kwa mota yake yenyewe kwa volti 5 au 6, igusishe polepole ukiwa na tone la maji isipate moto. Malizia na namba 400. Chonga zote nne kikao kimoja, upime kila baada ya muda mfupi, hadi tofauti isizidi milimita 0.1. Mpira unalika kwa kukimbia, kwa hiyo kipimo hiki ni cha kurudia.

Kuna mazoea ya kupaka tairi za mbele rangi ya kucha ziteleze. Kwenye gari la kuvuta nyuma ni sahihi kabisa. Hapa usipake, unaua nusu ya gari. Punguza upana badala yake: nyuma milimita 9, mbele 7. Zikishika mno, pua inakataa kugeuka na ulimi unachomoka mferejini. Kimo nacho: ulimi ukiwa umekaa hadi mwisho mferejini, karatasi chini ya tairi ya mbele ichomoke kwa kusuguasugua kidogo. Ikichomoka bure, punguza kimo cha pua kwa kupunguza spesa ya ulimi iliyo juu yake, au shusha ekseli. Ikikatika, tairi zinainua ulimi, ongeza spesa.

Waya: fungeni sambamba, kila mota ipate volti zote 12. Kwa mfululizo mwendo unashuka karibu nusu, na tairi za mbele zikiteleza mota yao inanyakua volti, ya nyuma inabaki na njaa. Kwa mtoto anayejifunza mfululizo unafaa, kwa mbio hapana. Tumieni waya laini, maana waya mgumu unazuia ulimi usirudi katikati.

Kufunga sambamba kunabadilisha kontrola. Ile ya omu 45 ya gari la mota moja haifai tena: gari linakaa kimya nusu ya kwanza ya kidole, kisha linaruka. Tafuteni ya omu 20 hadi 25, au ya elektroniki. Chanzo cha umeme kiwe na uwezo wa ampea 5. Betri ya volti 12 ya sola inafanya kazi safi, ila wekeni fyuzi ya ampea 5 karibu kabisa na betri, kwa sababu misuko ikigusana njiani betri haina huruma.

Mwisho ni vumbi letu. Kiangazi Dodoma njia ikikaa wazi mchana mmoja tu inakuwa na unga mwekundu. Tairi za silikoni kwenye njia ya hivyo zinateleza papo hapo. Kwenye njia ya mbao tumieni za mpira. Pitisheni tairi juu ya gundi ya selotepu pana kila baada ya mizunguko michache, na misuko ifutwe kwa kitambaa kikavu. Mafuta ya cherehani tone moja kwa kila bushi, yanayozidi yafutwe, kwani mafuta na vumbi yakichanganyika yanakuwa msasa ndani ya bushi. Mkimaliza kucheza funikeni njia kwa shuka.

Kwa anayeanza, jengeni kwanza chasisi ya mota ya nyuma peke yake, lakini acheni nafasi ya milimita 95 na bano la mbele likiwa tayari limelehemiwa. Likishakimbia vizuri hivyo, mota ya mbele inaingia kwa skrubu mbili na waya mbili.